Kiwanja cha mteremko Mikindani: tusawazishe mlima au nyumba ishuke nao?

MjukuuWaMikindani ameandika:

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya watu waliowahi kujenga kwenye mlima karibu na bahari, hasa huku kusini.

Babu alituachia kiwanja Mikindani, upande wa mlimani. Njia ya gari inapita juu, kiwanja kinashuka kuelekea ghuba. Upana mita 28, urefu mita 45. Mpima ardhi anasema kutoka bikoni (alama za mipaka) za juu hadi za chini ni mita 9 za kushuka. Udongo ni ule mwekundu wa kichanga, na sehemu nyingine ukichimba kidogo unagonga mawe ya matumbawe. Kuna mikorosho mitatu mizee aliyoipanda babu mwenyewe, na mbuyu kwenye kona ya chini. Chini yetu kuna nyumba mbili za majirani na kisima ambacho mtaa mzima unachota, halafu minazi, halafu bahari.

Tuko ndugu wanne: wawili Dar, mmoja Maskati, mimi niko Dodoma. Hatujengi nyumba ya kuhamia. Tunataka mahali pa kukutana Idd na likizo ya Desemba, watoto wetu wajuane. Mama anaishi Mtwara mjini na anasema msimu wa korosho atakuwa anakuja kukaa huko wiki kadhaa. Magoti yake hayamruhusu ngazi nyingi.

Mchoraji tuliyempata ametuletea ramani ya nyumba moja bapa, mita 16 kwa 14, sebule katikati, vyumba vinne pembeni, na uwanja wa mita 4 mbele. Njia yake ni hii: nyumba ianze mita 6 kutoka barabarani, katapila ikate sentimita 60 tu upande wa juu maana anaogopa mawe, halafu tujaze kifusi upande wa chini na kujenga ukuta wa kukishika. Ukuta huo kwenye mchoro wake una mita 3. Mikorosho miwili inakatwa. Na Mama kutoka kwenye gari atashuka ngazi 11 kabla hajaufikia mlango.

Kaka zangu wameipenda. Mimi nikiitazama roho haitulii, lakini sina hoja za kiufundi za kuwaambia. Nisaidieni. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?


Katapila_Hodari amejibu:

Dada, usijipe presha. Sawazisha. Katapila siku mbili kazi imekwisha, mafundi wanajenga kwenye tambarare waliyoizoea, ramani ya kawaida, vifaa vya kawaida. Nyumba za ngazi ngazi zinakula pesa kwenye msingi mpaka bati unakosa. Nimeona watu wengi wakiishia kwenye linta, yaani mkanda wa zege juu ya madirisha, kwa sababu hiyo. Ukuta wa mita 3 ukiwekewa nondo za kutosha unasimama tu.


Pimamaji amejibu:

Dada Mjukuu, shikamoo kwa Mama. Mimi ni msimamizi wa ujenzi, miaka mingi niko kwenye miteremko ya Lindi na Mtwara, kwa hiyo hili ni la kwangu kabisa. Wasiwasi wako una msingi, na hoja za kuwapelekea kaka zako zipo. Vumilia, nitaandika kwa kirefu.

Tuanze na huo ukuta. Msukumo wa udongo kwenye ukuta haupandi sawasawa na kimo. Kimo kikiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara 4. Ukuta wa mita 3 unasukumwa zaidi ya mara 6 kuliko ukuta wa mita 1.2. Hiyo ni kwa udongo mkavu. Mvua zetu za kusini zinaanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili hadi Mei, na kwa miezi hiyo maji yote ya mlima yanashuka na kujikusanya nyuma ya ukuta wako. Maji yasipopata pa kutokea, yanaongeza msukumo wake juu ya ule wa udongo. Kuta nyingi zinazolala hazikukosa nondo, zilikosa kokoto nyuma na vitundu vya kutolea maji. Ndugu Katapila, nondo ni sawa, lakini nani kamwambia huyu dada habari ya vitundu?

Pili, kifusi. Nyumba ya mchoraji wenu inakaa nusu kwenye udongo wa asili na nusu kwenye udongo wa kumwaga. Udongo wa kumwaga unatakiwa kushindiliwa kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila tabaka likiwa na unyevu wake. Huku kwetu mara nyingi lori linamwaga, katapila linapita juu, basi. Mvua ya kwanza na ya pili kifusi kinashuka, upande wa mlimani haushuki, na nyumba inapasuka katikati. Mtaziba ufa kila mwaka na utarudi kila mwaka.

Sasa njia ambayo mimi ningeifuata. Mita 9 kwa mita 45 maana yake kila mita 5 unazotembea unashuka mita 1. Nyumba yenye kina cha mita 14 kutoka mbele hadi nyuma haina kwao hapo. Igaweni iwe mikanda miwili myembamba, kila mmoja mita 6 kwa 16, mirefu kwa kufuata mlima, siyo kwa kuushuka.

Mkanda wa juu uanze mita 4 kutoka barabarani. Sakafu yake iwe nusu mita tu chini ya barabara. Nusu mita hiyo Mama haishuki kwa ngazi, anaishuka kwa njia ya mtelezo ya mita 6, hata kiti cha magurudumu kinapita. Huku juu wekeni sebule, jiko, chumba cha Mama na choo chake. Maisha yote ya mchana yanakuwa usawa mmoja na gari.

Mkanda wa chini uwe na vyumba vitatu vya kulala, sakafu yake mita 2.7 chini ya ile ya juu. Acheni nafasi ya mita 1 kati ya mikanda, nitaieleza. Mkiupanga hivyo, nyuma yake mnakata kama mita 1, na mbele hamjazi karibu kitu. Na slabu (bamba la zege) juu ya vyumba vya chini inakuja usawa mmoja na sebule ya juu: paa la watoto ndilo baraza la Mama. Anakaa hapo na chai yake anaiona ghuba nzima, na wala hakushuka ngazi hata moja.

Chini ya sakafu ya juu msijaze kifusi. Sakafu iwe slabu juu ya kuta, pabaki tupu, tangi la maji ya mvua likae humo. Mnabaki na ukuta mmoja tu wa kuzuia udongo, wa mita 1.2, pale mikanda inapokutana. Huo mhandisi aliyesajiliwa auchore na aweke muhuri wake, msiuache kwa fundi.

Ile nafasi ya mita 1 ni kichochoro. Kosa kubwa la nyumba za mlimani ni kuegemeza ukuta wa chumba kwenye udongo. Chumba kinanuka ukungu, rangi inabambuka, magodoro yanapata madoa, na nyumba ya likizo inafungwa miezi kwa miezi kwa hiyo ndiyo inaoza zaidi. Kichochoro kikiwa wazi ncha zote mbili, na mtaro sakafuni, ukuta wa nyuma unapumua na madirisha madogo ya juu yanapata hewa. Hewa inaingia kwa madirisha ya mbele, inatokea nyuma. Feni mtaiwasha mara chache.

Halafu jambo la kufanya kabla ya lolote: mtaro wa juu. Kabla hamjachimba msingi, chimbeni mtaro kando ya barabara kukinga maji ya mlimani, uyapeleke pembeni mwa kiwanja hadi mahali salama, siyo kwa jirani. Udongo huu mwekundu wa kichanga ukishavuliwa majani, mvua moja kubwa inatosha kuchora korongo. Na mikorosho muiache. Mizizi yake inafanya kazi ambayo mtainunua kwa saruji mkiikata.


MamaKorosho amejibu:

Mjukuu mwanangu, mimi sijui mahesabu ya Pimamaji, lakini nina nyumba kilimani Lindi, naipangisha kwa wageni na watoto wangu wanakuja Desemba. Nitakupa ya mwenye nyumba.

La kwanza chumvi. Usikubali fundi akuletee mchanga wa ufukweni kwenye zege, hata akikuapia kwamba umeoshwa na mvua. Chumvi inaingia kwenye nondo, nondo inavimba, zege linadondoka vipande vipande. Mchanga wa mtoni au wa machimbo, na usimame mwenyewe au umsimamishe mtu wako siku lori linapoingia. Zege linalofunika nondo liwe nene, sentimita 4 hadi 5. Bawaba, komeo, misumari ya bati: nunua za kuzuia kutu tangu mwanzo. Mimi komeo za bei rahisi nilizikuta zimegandana kabla mwaka haujaisha, mlango ukavunjwa.

La pili, upepo. Kwenu Mikindani ghuba imefunguka kaskazini mashariki. Baraza lako litakula upepo wa kaskazi uso kwa uso, na kaskazi huku kwetu inakuja pamoja na mvua, yaani Desemba hiyo hiyo mnayotaka kukusanyika. Baraza lote likiwa wazi, mtakuwa ndani mmejifungia. Sehemu moja ipate ukuta wa pembeni au mapazia mazito ya turubai ya kushusha. Upepo wa kusi wakati wa Juni na Julai utatokea mgongoni, juu ya mlima, kwa hiyo paa upande wa barabara lifungwe vizuri. Wazee wa Lindi bado wanakitaja kimbunga cha Aprili 1952. Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilipita Msumbiji, na Mtwara watu walitahadharishwa wahame pwani. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaja, barabara ya kusini ikakatika. Kenchi za paa zifungwe kwa mikanda ya chuma hadi kwenye linta, siyo misumari mitupu.

La tatu ndipo ninapopishana na Pimamaji. Slabu ya kutembelea juu ya vyumba, karibu na bahari, mimi siitaki. Zinavuja. Ukishaona doa kwenye dari ya chumba cha kulala, ujue nondo zimeshaanza kuliwa. Ningeweka paa la bati lenye mteremko juu ya vyumba vya chini, na baraza la Mama liwe ndani ya mkanda wa juu.

Na kisima cha majirani, mwanangu, hicho kisikutoke akilini.


Pimamaji amejibu:

MamaKorosho, umesema kweli tupu kuhusu chumvi, na kuhusu slabu sikubishii kwamba nyingi zinavuja. Nyingi zinavuja kwa sababu zinamwagwa bapa kabisa, na maji yanakaa juu hadi yapate njia. Slabu ya baraza lazima ishuke angalau sentimita 1.5 kila mita, ipakwe tabaka la kuzuia maji, tabaka hilo lipandishwe ukutani sentimita 15, ndipo vigae vije. Kabla ya vigae unaziba matundu, unajaza maji ya kina cha vidole viwili, unayaacha siku mbili, unaingia chini kutazama dari. Kama familia haina mtu wa kusimamia kipimo hicho, basi afadhali bati la MamaKorosho. Nalisema bila kinyongo. Kimo cha kutosha kipo, bati likishuka kuelekea baharini halitazuia macho ya aliyekaa sebuleni.

Kisima. Hapa ndipo ningependa familia yenu ikae kikao. Mawe ya matumbawe yana matundu, maji machafu hayachujwi humo kama yanavyochujwa kwenye udongo, yanapita. Mko juu ya kisima cha mtaa. Shimo la kunyonya maji machafu liwe mbali na kisima, mita 30 kwa uchache, na kwa miamba hii mimi ningetaka zaidi. Msiliweke chini kabisa ya kiwanja kwa sababu tu maji yanashuka yenyewe. Mlisogeze pembeni, upande ambao kisima hakipo, mahali penye udongo mnene. Chimbeni shimo la majaribio mjue mwamba uko kina gani kabla ya kuchagua.

Bomba la inchi 4 la choo linataka kushuka sentimita 2.5 kila mita. Kiwanja chenu kinashuka sentimita 20 kila mita. Mkilipitisha moja kwa moja mlimani, maji yanaweza kukimbia na kuacha uchafu, mabomba yakaziba siku nyumba imejaa wageni. Lipitisheni kwa kukata mlima kimshazari, na pale panaposhuka sana wekeni chemba ya kushukia, yaani shimo la kujengewa ambamo maji yanashuka wima. Vyoo vyote vikae upande mmoja wa nyumba, cha chini na cha juu mstari mmoja, utaokoa mabomba na maumivu.

Maji safi ni habari njema zaidi. Paa la juu na vipenu vyake litakuwa kama mita za mraba 140. Mvua ya milimita 50 inakupa lita 7,000. Mvua ya mwaka Mtwara ni karibu milimita 1,000, kwa hiyo hata ukipoteza kiasi, unazungumzia zaidi ya lita 100,000. Tangi chini ya sakafu ya juu litashusha maji vyumba vya chini bila pampu, ya kutosha bombani, siyo bomba la kuogea lenye nguvu. Jiko na choo cha Mama vitahitaji pampu ndogo.

Jua: mko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Desemba jua la mchana liko karibu utosini. Juni linahamia kaskazini na linaingia chini ya baraza lenu, lakini kipenu cha mita 1.5 kinatosha kulizuia adhuhuri. Adui ni magharibi. Ukuta wa magharibi usipate dirisha kubwa hata kama mandhari ya upande huo ni mazuri. Wekeni hapo vyoo na stoo.


Wa_Shangani amejibu:

Nyongeza fupi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kwa maelezo yako mko mbali zaidi, lakini mpima aiandike kwenye ramani mapema kabla ya kuomba kibali cha ujenzi halmashauri. Na mchoro usainiwe na mbunifu majengo aliyesajiliwa.

Jingine: mkiwa Mikindani pandeni hadi kwenye Boma la Wajerumani la mwaka 1895, lile jeupe lililo mlimani, ambalo baadaye lilifanywa hoteli. Tazameni unene wa kuta na jinsi lilivyokaa kwenye mteremko. Kisha shukeni mtazame nyumba za mawe za mjini, vyumba vyake vyembamba kwa sababu vilifuata urefu wa boriti za mikoko. Mkanda wa mita 6 wa Pimamaji si ugeni hapo.


MjukuuWaMikindani amejibu:

Sijui niwashukuru vipi. Nimewasomea kaka zangu kwenye simu yote haya, na la ukuta kusukumwa zaidi ya mara 6 ndilo lililowanyamazisha. Wa Maskati ameuliza mara moja: "Kwa hiyo Mama hashuki ngazi?" Nikamwambia hashuki. Akasema basi yeye yuko upande huo.

Wikiendi hii nilikuwa Mtwara, nikaenda kiwanjani na mpwa wangu na fundi mmoja kijana wa hapo jirani. Tulichukua mpira mweupe wa mita 20, tukajaza maji ili kupima usawa, tukapigilia mambo kila mita 5 kutoka barabarani hadi kwenye mbuyu. Mpwa wangu alishika ncha ya juu, fundi ya chini, mimi naandika. Kumbe mlima haushuki sawasawa. Mita 15 za kwanza unashuka mita 1.8 tu. Kutoka hapo hadi mita ya 30 unashuka mita 4.7. Kisha unatulia tena hadi chini, mita 2.5. Na kwenye mita ya 22 hivi kuna mwamba umejitokeza, urefu kama wa gari dogo, fundi anasema umeshika.

Pia nimezungumza na mama mmoja anayechota pale kisimani. Anasema masika ya mwaka juzi maji yalipita katikati ya kiwanja chetu na kumwaga udongo mwekundu hadi kisimani, wakakaa siku kadhaa wakinunua maji. Sikuwa najua. Inaniuma kwamba udongo wa babu ndio ulioharibu maji ya watu.

Kaka Pimamaji, vipimo hivi vinabadilisha nini?


Pimamaji amejibu:

Dada, vinabadilisha vingi, na kwa faida yenu. Vipimo vya mpira wa maji vina thamani kuliko mchoro wowote uliochorwa ofisini.

Mita 15 za juu zikishuka mita 1.8 tu, mkanda wa juu unakaa karibu sawa na ardhi. Sakafu ikibaki nusu mita chini ya barabara, upande wa chini msingi utatoka ardhini kama sentimita 70, siyo mita moja na nusu. Nafuu kubwa ya mawe na saruji. Ila nafasi ya tangi chini ya sakafu inapungua, kwa hiyo tangi lihame, likae nje kwenye ncha ya mkanda wa juu.

Mkanda wa chini sasa usiubane na wa juu. Usogezeni uanze baada ya mita ya 15, pale mlima unapoanza kushuka kwa nguvu, lakini usiuvuke mwamba wa mita ya 22. Sehemu hiyo ardhi inashuka karibu mita 1 kila mita 3, hivyo ndani ya kina cha mita 6 mna tofauti ya karibu mita 2. Ukikata nyuma, ukuta unarudi kuwa mrefu. Kwa hiyo hapo badilisheni mtindo: vyumba vitatu visimame juu ya nguzo mbele, nyuma viguse ardhi tu. Mlima mnauacha kama ulivyo, maji yanapita chini. Mwamba usivunjwe. Kama mhandisi akiupima na kuukubali, nguzo mbili za pembeni zinaweza kushikwa juu yake.

Juu ya vyumba hivyo wekeni bati, kama alivyosema MamaKorosho. Nguzo na slabu ya kutembelea juu yake ni uzito ambao sitaki kuutia kwenye sehemu kali namna hiyo. Baraza la Mama libaki mbele ya sebule, juu, kwenye ardhi tulivu. Kati ya jengo la juu na la chini mtapata ua wa mita 5 hivi wenye kivuli. Ikiwa mkorosho mmojawapo uko hapo, basi mmebahatika.

Kuhusu kisima: msisubiri nyumba. Chimbeni ule mtaro wa juu mwezi huu kabla ya mvua za Desemba, na pale maji yalipopita pandeni mistari miwili ya vetiva (nyasi za kushika udongo), kukingama mlima, mche hadi mche sentimita 15. Ukikosa vetiva panda mchaichai. Mwambieni yule mama anayechota atazame mvua ikianza kama maji bado ni mekundu, maana yeye yuko hapo kila siku na ninyi hampo.

Ukipata jibu la shimo la majaribio, andika kina cha mwamba hapa, nikupe mahali pa kuweka karo, yaani shimo la maji machafu.